Bwawa tupu linaweza kuelea: maswali ya kumuuliza mkandarasi kabla hujampa kazi

Chukua ndoo tupu uikandamize kwenye pipa lililojaa maji. Utasikia inavyokusukuma mkono kurudi juu. Sasa fikiria ndoo hiyo ni ya zege, ina urefu wa mita 8 na upana wa mita 4, na badala ya pipa kuna udongo uliolowa wa Mikocheni mwezi wa Aprili. Fizikia ni ile ile. Bwawa la kuogelea la zege, pamoja na uzito wake wote, linaweza kuinuka kutoka ardhini, likakata mabomba na kupasua sakafu ya pembeni. Na mara nyingi siku linapofanya hivyo ni ile siku mwenye nyumba ameamua kulimwaga maji ili lisafishwe.

Naanza na hilo kwa sababu watu wanaotafuta wa kuwajengea bwawa, hasa wenye nyumba za kupangisha wageni huku pwani, karibu wote huanza na swali moja: bei gani? Wanakuwa na makadirio ya watu wawili watatu mkononi, moja dogo kuliko mengine kwa kiasi cha kutisha, na hawajui tofauti imetoka wapi. Tatizo ni kwamba sehemu kubwa ya pesa hiyo inakwenda kwenye vitu ambavyo baada ya vigae kuwekwa hutaviona tena: unene wa sakafu, nondo, maungio, maji yaliyotiwa kwenye zege. Ukishaanza kuogelea umechelewa kuuliza. Kwa hiyo leo tuangalie fizikia na kemia ya bwawa, lakini kwa lengo moja tu: upate maswali ambayo mkandarasi mzuri atayajibu bila shida na mbabaishaji atayakwepa.

Nitasema mapema msimamo wangu. Mtu aliyekupa bei bila kuchimba shimo la majaribio kwenye kiwanja chako hajakupa bei. Amekupa makisio ya bwawa la mtu mwingine.

Tupige hesabu

Tuseme bwawa letu ndani lina mita 8 kwa 4, na kina cha wastani cha mita 1.5. Linabeba maji mita za ujazo 48, yaani tani 48. Kuta zina unene wa sentimita 20, sakafu vilevile. Kwa vipimo vya nje basi ni mita 8.4 kwa 4.4 kwa 1.7, ambayo ni karibu mita za ujazo 62.8. Toa zile 48 za ndani, unabaki na zege mita za ujazo 14.8. Zege lenye nondo lina uzito wa tani 2.4 hivi kwa kila mita ya ujazo, kwa hiyo bwawa tupu lina uzito wa tani 35 na nusu.

Sasa kanuni ya Archimedes, ile ya kidato cha kwanza: kitu kilichozama kinasukumwa juu kwa kani iliyo sawa na uzito wa maji kilichoyasogeza. Kama maji ya ardhini yamepanda mpaka usawa wa ardhi, bwawa letu limesogeza tani 62.8 za maji. Uzito wake ni 35.5. Pengo ni tani 27, na pengo hilo linasukuma juu.

Likiwa limejaa hakuna shida. Tani 48 za maji ukijumlisha na tani 35.5 za zege unapata tani 83, ardhi haiwezi kulinyanyua. Ndiyo maana bwawa linaweza kukaa miaka sita likiwa zima kabisa, halafu likaharibika ndani ya usiku mmoja.

Na sio lazima maji yafike juu kabisa. Gawanya tani 35.5 kwa eneo la chini la bwawa, mita za mraba 37, utaona kwamba maji ya ardhini yakisimama sentimita 96 tu kutoka chini ya sakafu ya bwawa, uzito na kani ya kuinua vinalingana. Hapo maji bado yapo zaidi ya sentimita 70 chini ya miguu yako. Kiwanja kinaonekana kikavu, majani yamenyauka, na bwawa tayari liko tayari kuelea. (Msuguano wa udongo kwenye kuta unasaidia kidogo, lakini udongo ukishalowa sio mtu wa kumtegemea.)

Kwa hiyo swali la kwanza kwa mkandarasi: maji ya ardhini hapa kwangu yako kina gani, na wakati wa masika yanafika wapi? Jibu sahihi linahitaji shimo. Lichimbwe angalau mita moja kupita sakafu ya bwawa inapotarajiwa kuwa, liachwe siku moja au mbili, kisha lipimwe. Kama ni Septemba na shimo ni kavu, kazi haijaisha. Anatakiwa awaulize majirani wenye visima, aangalie alama za unyevu kwenye misingi ya nyumba za mtaa huo, na aache bomba lenye vitundu wima kwenye shimo hilo ili uweze kuchungulia maji yanavyopanda msimu kwa msimu. Bomba hilo ni rahisi mno ukilinganisha na kazi nzima, na ni jambo la kwanza watu hukata kwenye bajeti.

Halafu muulize atafanya nini na hayo maji. Hapa kuna majibu kadhaa mazuri. Anaweza kuongeza unene wa sakafu. Anaweza kuitokeza sakafu nje ya kuta ili udongo ukae juu yake na kuishikilia. Kwa bwawa letu, kutokeza sentimita 30 pande zote kunaongeza tani 14 hivi za kushikilia, hata ukihesabu kwamba udongo ulio ndani ya maji unapoteza karibu nusu ya uzito wake. Ni nusu ya pengo. Anaweza kuweka tabaka la kokoto chini ya sakafu pamoja na kisima kidogo pembeni cha kuvutia maji kwa pampu kabla ya kumwaga bwawa. Anaweza pia kuweka vali sakafuni, sehemu yenye kina zaidi, inayofunguka yenyewe presha ya nje inapoizidi ya ndani na kuruhusu maji ya ardhini yaingie bwawani. Afadhali maji machafu yaingie kuliko bwawa litoke. Ila vali huziba mchanga, kwa hiyo mtu anayekwambia “tutaweka vali, basi” bado hajajibu.

Jibu baya kabisa ni hili: “Bosi, zege ni zito, haliendi popote.”

Ukuta wenye kazi mbili

Maji yenye kina cha mita 1.5 yanasukuma kila mita moja ya urefu wa ukuta kwa kani inayolingana na uzito wa tani 1.1. Ukuta wa mita 8 unasukumwa kwa karibu tani 9 kuelekea nje. Bwawa likiwa tupu mambo yanageuka: udongo, pamoja na maji yaliyomo, unasukuma kwenda ndani.

Zege linavumilia sana kukandamizwa lakini ni dhaifu sana likivutwa. Ukuta unapopinda kwenda nje, uso mmoja unavutwa, ukipinda kwenda ndani, ni uso wa pili. Ndiyo maana nondo zinahitajika karibu na nyuso zote mbili, tabaka la ndani na tabaka la nje. Ukuta wa matofali ya bloku uliopitishwa nondo moja katikati umewekewa chuma mahali ambapo kinasaidia kidogo zaidi. Kwenye makadirio ya bei, hapa ndipo nafuu kubwa hujificha, na haiandikwi popote. Omba mchoro wenye mkato wa ukuta. Kama hakuna mchoro, huna cha kulinganisha.

Maji ndani ya zege

Hii ndiyo sehemu ninayoipenda, kwa sababu ndiyo niliyoifanyia utafiti wa shahada ya uzamili na nimevunja vipande vya zege mpaka masikio yamezoea.

Saruji haikauki kama tope. Inamenyuka na maji na kujenga mtandao wa vifuwele na utomvu mgumu. Maji yanayohitajika kwa mmenyuko huo ni machache kuliko yanayotiwa. Yaliyozidi hubaki ndani kama vijitundu na vijia vyembamba, na zege likiwa na vijia vilivyoungana, maji ya bwawa yatapita. Taratibu, lakini yatapita.

Mwaka 1959 watafiti wa Marekani Powers, Copeland na Mann walipima inachukua muda gani wa kulitunza zege likiwa limelowa mpaka vijia hivyo vikatike, kila kitundu kibaki peke yake. Matokeo yao bado yanafundishwa. Kwa uwiano wa maji kwa saruji wa 0.45, ni siku 7. Kwa 0.50, siku 14. Kwa 0.60, miezi 6. Kwa 0.70, mwaka mzima. Ukizidi 0.70, haitokei kamwe, hata ukimwagilia mpaka wajukuu waje.

Tafsiri hiyo kwa lugha ya saiti. Mfuko wa saruji ni kilo 50. Uwiano wa 0.45 ni lita 22.5 za maji, yaani ndoo ya lita 20 na kidogo. Uwiano wa 0.70 ni lita 35, ndoo moja na robo tatu. Tofauti kati ya bwawa linaloweza kushika maji na lisiloweza ni chini ya ndoo moja kwa kila mfuko. Na ndani ya hesabu hiyo kuna maji yaliyokwishakuwemo kwenye mchanga: kilo 100 za mchanga wenye unyevu wa asilimia 5 zimeshaleta lita 5 kabla mtu hajagusa ndoo. Ndio maana mchanga ulionyeshewa jana unahitaji maji pungufu leo, na fundi anayetia “kama kawaida” anakuharibia.

Kwa nini mafundi wanapenda kuongeza maji? Kwa sababu zege zito linachosha. Halishuki vizuri kati ya nondo, na vijana wa koleo wanalalamika, tena kwa haki. Suluhisho lipo: dawa ya kulainisha zege bila kuongeza maji, na vibreta ya kulishindilia. Muulize mkandarasi wako: utatia maji lita ngapi kwa mfuko, nani atakayepima, na utalilainishaje? Akikwambia “tunaangalia kwa macho”, mwulize kama atakubali kipimo cha koni. Ni koni ya chuma yenye urefu wa sentimita 30. Unaijaza zege, unaiinua, unapima zege limeshuka kiasi gani. Dakika tano tu. Pia afyatue vipande vya mraba vya sentimita 15 kutoka kwenye zege lile lile linalomwagwa, vipelekwe maabara vikavunjwe siku ya 7 na ya 28. Vyuo vyenye idara za uhandisi hufanya kazi hiyo.

Suala la chumvi nalipitia haraka. Zege zuri lina pH inayozidi 12, na katika hali hiyo chuma hujivika utando mwembamba unaozuia kutu. Kloraidi huuvunja utando huo. Kutu inachukua nafasi mara kadhaa ya chuma kilicholiwa, kwa hiyo inapasua zege kutoka ndani. Mchanga wa ufukweni na maji ya kisima yenye chumvi ni njia ya haraka ya kufika huko. Onja maji ya kuchanganyia. Kisha hakikisha nondo zimefunikwa na zege la sentimita 5 hivi pande zote, zikiwa zimenyanyuliwa juu ya vipande vidogo vya zege, sio mawe yaliyookotwa wala vipande vya mbao.

Kuna njia nyingine ya kujenga ambayo utaiona sana kwenye video za Marekani: zege linarushwa kwa mpira wenye presha moja kwa moja juu ya nondo. Mashine ya kwanza ya aina hiyo aliibuni Carl Akeley, ambaye kazi yake ilikuwa kukausha wanyama kwa ajili ya makumbusho, na alikuwa akitafuta namna ya kukarabati kuta za jengo la makumbusho ya Chicago. Alipata hataza mwaka 1911, na alifariki mwaka 1926 huko Kongo, kwenye Mlima Mikeno, akiwa kwenye msafara wa kutafuta sokwe wa milimani. Njia yake ni nzuri, lakini inategemea sana mkono wa anayeshika mpira. Mtu akikupa bei ya njia hiyo, muulize ameshaifanya wapi.

Zege halilali

Msemo huu kila mtu anaujua. Lakini kwenye bwawa, zege mara nyingi hulala: sakafu inamwagwa leo, kuta zinafuata wiki ijayo. Pale zege jipya linapokutana na la zamani, haviungani na kuwa kitu kimoja, na kona ile kati ya sakafu na ukuta ndipo presha ya maji ilipo kubwa zaidi. Kwa hiyo swali ni rahisi: umepanga kusimama wapi, na pale utaweka nini? Anatakiwa ataje ukanda wa kuzuia maji, wa mpira au plastiki, unaozamishwa nusu kwenye zege la kwanza na nusu kwenye la pili, na aseme jinsi atakavyosugua uso wa zamani mpaka kokoto zionekane.

Yaleyale kwa mabomba. Bomba linalopita ukutani liwekwe kabla ya kumwaga zege. Kutoboa baadaye kwa nyundo na patasi, halafu kuziba kwa saruji, ni kujinunulia uvujaji.

Lijaribiwe kabla ya vigae

Kama ukiweza kudai jambo moja tu kwenye mkataba wote, dai hili. Bwawa lijazwe maji kabla ya plasta na vigae, na kabla ya udongo kurudishwa pembeni, ili unyevu wowote uonekane kwa nje. Lijazwe polepole, liachwe wiki moja zege linywe maji linayotaka, kisha wiki ya pili ipimwe. Kanuni ya Uingereza ya miundo ya kuhifadhia maji, BS 8007, iliruhusu usawa wa maji kushuka kwa siku hizo saba kiasi kisichozidi sehemu moja ya 500 ya kina cha wastani, na kisichozidi milimita 10. Kwa bwawa letu ni milimita 3, sawa na lita 96 kwa wiki.

“Lakini maji si yanakauka kwa jua?” Kweli, na huku kwetu yanaweza kushuka milimita kadhaa kwa siku. Ndoo inatatua hilo. Ijaze maji, iweke kwenye ngazi ya bwawa ikiwa imezama sehemu kubwa ili joto lifanane, weka alama ndani ya ndoo na alama kwenye ukuta wa bwawa. Jua na upepo vinazipunguza zote mbili sawasawa. Bwawa likishuka kuliko ndoo, tofauti hiyo ni uvujaji. Sentimita moja kwa siku haionekani kama kitu, lakini ni lita 320, karibu uniti kumi za maji kila mwezi, zinazokwenda kulainisha udongo chini ya bwawa lako na pengine chini ya msingi wa jirani.

Mkandarasi akikataa jaribio hili kwa sababu “linachelewesha kazi”, tafuta mwingine. Hapo mimi sina mjadala.

Karatasi

Tanzania, makandarasi husajiliwa na Bodi ya Usajili wa Makandarasi kwa sheria ya mwaka 1997, na wa majengo wamepangwa kwenye madaraja saba, la kwanza likiwa la kazi kubwa zaidi. Kenya kazi hiyo ni ya Mamlaka ya Taifa ya Ujenzi, NCA. Angalia jina la kampuni kwenye orodha ya bodi yenyewe, usitosheke na picha ya cheti iliyotumwa kwa simu. Mchoro nao uwe na jina la mhandisi aliyesajiliwa, na kibali cha halmashauri kiwepo kabla ya jembe.

Ukienda kuangalia kazi zake za nyuma, usipelekwe kwenye bwawa la mwezi uliopita. Kila bwawa jipya linapendeza. Omba lenye miaka mitatu au zaidi, ongea na mwenyewe, hata zaidi na kijana anayelisafisha. Muulize anaongeza maji mara ngapi, na kama ameshawahi kulimwaga lote.

Wakati upo hapo angalia matundu ya kufyonzea maji sakafuni. Yawe angalau mawili, mbali mbali, na vifuniko vilivyofungwa imara, kwa sababu tundu moja lililounganishwa na pampu yenye nguvu linaweza kumnasa mtoto chini ya maji. Mkandarasi aliyeweka tundu moja kwa mwenzako atakuwekea moja na wewe. Uzio na mlango unaojifunga vinatakiwa kuwepo kwenye makadirio pia, sio kuachwa “tutaona baadaye”.

Malipo yafuate hatua zinazoweza kupimwa: shimo na mchoro, nondo kukaguliwa na mhandisi kabla ya zege, majibu ya maabara ya siku ya 28, jaribio la maji, kisha vigae na mashine. Sehemu ya mwisho, hata kama ni asilimia 5 au 10, ibaki mkononi mwako mpaka masika ya kwanza ipite. Kama hujui tarehe ya kuandika, andika mwisho wa Mei, na wiki hiyo nenda kachungulie kwenye lile bomba uone maji yamesimama wapi.